Blanketi Kati ya Vitanda Viwili

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro na ninatarajia kuolewa mwakani. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitazama filamu za zamani za Marekani, zile za mapenzi yenye kuchekesha, nyingi zikiwa hazina rangi. Mchumba wangu hanielewi. Anasema watu wale wanavua kofia, wanaandikiana barua na kupelekeana simu za maandishi, na kwamba mambo hayo yamekwisha hata huko kwao. Je, ninachokipenda ni filamu zenyewe, au ninatamani adabu ambazo hazipo tena? Na je, kuna ubaya wowote kuzipenda, maana mengine ninayoyaona humo yananikera?"

Marahaba mwalimu, na hongera kwa uchumba. Nimefundisha historia ya filamu kwa miaka mingi, na swali lako la kwanza ndilo ninalotamani wanafunzi waniulize, ingawa ni wachache wanaofika huko. Kwa maoni yangu hutamani adabu zile zenyewe. Unachokipenda ni kile ambacho adabu zile ziliwalazimisha watu kukifanya, yaani kutafuta njia ya kusema jambo ambalo hawakuwa na ruhusa ya kulisema waziwazi. Mila inapombana mtu, ishara ndogo hubeba uzito mkubwa, na filamu unazozitazama zimejengwa kwa ishara ndogo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Niruhusu nikuoneshe jambo hilo ndani ya filamu zenyewe, kwa sababu ukilisema hewani tu halimshawishi mtu, na najua mchumba wako anasubiri kushawishiwa.

Tuanze na It Happened One Night ya mwaka 1934, iliyoongozwa na Frank Capra katika kampuni ya Columbia, ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa filamu za aina hii. Ellie Andrews, aliyeigizwa na Claudette Colbert, ni binti wa tajiri ambaye amefunga ndoa na mwanamume asiyekubaliwa na baba yake. Baba anamzuilia katika mashua yake ya kifahari, binti anajitosa majini na kuogelea hadi nchi kavu, kisha anapanda basi la usiku kutoka Miami kwenda New York. Humo ndani ya basi anakutana na Peter Warne, mwandishi wa habari aliyepoteza kazi, ambaye ni Clark Gable. Mvua inabomoa daraja, fedha zao ni kidogo mno, na inawabidi walale katika kambi ya vibanda vya wasafiri, ndani ya chumba kimoja chenye vitanda viwili, wakiwa wamejiandikisha kama mume na mke.

Sasa tazama anachokifanya Peter. Anafunga kamba kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, anatundika blanketi juu yake, na kulipa jina la Kuta za Yeriko. Anaeleza kwamba huenda si nene kama zile zilizoangushwa na Yoshua, lakini ni salama zaidi, kwa kuwa yeye hana tarumbeta. Anampa Ellie pajama zake zilizo bora. Ellie anabadilisha nguo upande wake, na nguo zake za ndani anazitundika juu ya blanketi lile lile, mpaka Peter anamwomba aziondoe kutoka kwenye Kuta za Yeriko. Taa inazimwa, mvua inatiririka kwenye kioo cha dirisha, na watu wawili waliokuwa wakigombana mchana kutwa wanaanza kuzungumza polepole, kila mmoja akiwa amelala upande wake. Hakuna aliyemgusa mwenzake, hata hivyo ni miongoni mwa maonesho yenye mapenzi mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona katika sinema.

Blanketi ni kitu dhaifu, na hapo ndipo penye siri ya onesho lile. Mtoto angeweza kulivuta likaanguka. Linasimama kwa sababu tu watu wawili wamekubaliana lisimame, na kila dakika linapoendelea kusimama, kila mmoja anajifunza kwamba mwenzake anaaminika. Asubuhi yake wapelelezi waliotumwa na baba wanabisha hodi, na wawili hao wanajifanya mume na mke waliochokana, wakifokeana kwa nguvu hadi wapelelezi wanaondoka kwa aibu. Ni mara yao ya kwanza kufanya jambo kwa pamoja, na nyuso zao baada ya mlango kufungwa zinaonesha kwamba wamelitambua hilo. Usiku mwingine, katika kambi nyingine, Ellie ndiye anayelipita blanketi kwanza, akiwa analia na kukiri kwamba anampenda, na Peter anamwambia arudi kitandani kwake, ingawa moyo wake mwenyewe umekwisha kubomoka.

Mwisho wa filamu unastahili kutazamwa mara mbili. Baba wa Ellie ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata binti yake. Peter anapokwenda kwake haombi zawadi hiyo. Anadai dola 39 na senti 60 tu, gharama alizotumia njiani, na kwa hesabu ile ndogo mzee anamtambua mkwe wa kweli. Katika onesho la mwisho wapenzi wenyewe hatuwaoni kabisa. Tunamwona mwenye kambi na mkewe, wamesimama nje usiku, wakijiuliza kwa nini wale maharusi wameomba kamba, blanketi na tarumbeta ya kuchezea. Kisha inasikika sauti ya tarumbeta, blanketi linaanguka sakafuni, na taa inazimika. Hakuna busu, na wala halihitajiki, kwa kuwa tumekaa na blanketi lile kwa muda mrefu kiasi kwamba kuanguka kwake kunatosha. Filamu hii ilishinda Oscar tano kubwa kwa mpigo, yaani filamu bora, muongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na muswada.

Hapa nisahihishe dhana moja ninayokutana nayo mara kwa mara. Watu hudhani kwamba staha ya filamu hizi ilitokana na kulazimishwa tu. Ni kweli kwamba kampuni za Hollywood zilijiwekea kanuni za maadili mwaka 1930, zilizojulikana kwa jina la Will Hays, mkuu wa chama cha kampuni hizo, na kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 1934 ofisi ya Joseph Breen ilizisimamia kwa ukali, ikiwa na uwezo wa kunyima filamu kibali na kutoza faini ya dola 25,000 kwa kampuni iliyokaidi. Kanuni hizo ziliendelea hadi mwaka 1968. Lakini filamu ya Capra ilitoka mwezi wa Februari 1934, kabla ya ukali huo kuanza, kwa hiyo blanketi lile si kazi ya mkaguzi. Liliwekwa na wasanii waliojua kwamba kinachozuiwa ndicho kinachotazamwa. Breen alipokuja na mkasi wake, alikuta tayari kuna watu waliokwisha kujifunza kuzungumza kwa mafumbo, na mkasi uliwafanya wawe mahiri zaidi.

Bingwa wao alikuwa Ernst Lubitsch, aliyezaliwa Berlin mwaka 1892 katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa na biashara ya ushonaji wa nguo, na kijana Ernst alifanya kazi humo kabla ya kukimbilia jukwaani. Alihamia Hollywood mwaka 1922, na mwaka 1935 serikali ya Wanazi ikamvua uraia wa Ujerumani. Nakueleza haya kwa sababu yanahusika moja kwa moja na swali lako la kutamani mambo yaliyopita. Mwaka 1940 Lubitsch alitoa The Shop Around the Corner, hadithi ya duka moja dogo la Budapest linalouza mikoba na bidhaa za ngozi. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza Ulaya. Duka lile, wauzaji wanaoamkiana kwa heshima kila asubuhi, mkahawa wenye muziki, yote yalikuwa ya dunia iliyokuwa ikiteketea wakati filamu inaoneshwa, na baadhi ya waigizaji, kama Felix Bressart, walikuwa wenyewe wakimbizi waliotoka huko. Kwa hiyo, mwalimu, unapoona katika filamu ile mila zinazoaga, fahamu kwamba aliyeitengeneza naye alikuwa akiziaga. Simanzi unayoihisi imo ndani ya filamu tangu siku ya kwanza, hukuja nayo wewe.

Katika duka hilo Alfred Kralik, aliyeigizwa na James Stewart, na Klara Novak, aliyeigizwa na Margaret Sullavan, hawapatani hata kidogo. Wanaitana bwana na bibi kwa majina ya ukoo, na kila neno la heshima lina sindano ndani yake. Usiku kila mmoja anamwandikia barua rafiki asiyemjua, aliyempata kupitia tangazo la gazeti, na barua hizo hazizungumzii mshahara wala mavazi. Zinazungumzia vitabu na mawazo. Mtazamaji anafahamu mapema kwamba rafiki asiyejulikana ni yule yule anayesimama upande wa pili wa kaunta. Siku waliyopanga kukutana mkahawani, Klara akiwa na kitabu na ua la mkarafuu mezani ili atambulike, Kralik anagundua ukweli kwa kuchungulia dirishani, au tuseme kwa kumwomba mwenzake amchungulilie. Anaingia, anakaa, hasemi kwamba ndiye, na Klara, ambaye anaogopa mgeni wake asije akamkuta na mwanamume mwingine, anamtukana kwa maneno makali kuliko yote ya filamu. Kralik anayapokea na kuondoka.

Siku inayofuata linakuja onesho ninalolipenda kuliko yote. Kamera imewekwa ndani ya kisanduku cha posta, upande wa ndani kabisa, tunatazama nje kupitia mlango wake mdogo. Mlango unafunguliwa. Mkono wenye glavu unaingia na kupapasa huku na huku, hauoni kitu, unapapasa tena. Kisha mkono unatoka, na mahali pake panatokea uso wa Klara, akiinama kuchungulia ndani ya kisanduku kitupu, kana kwamba macho yanaweza kupata kilichoshindikana kwa vidole. Hakuna neno linalosemwa. Nimewaonesha wanafunzi filamu hii mara nyingi, na darasa ambalo lilikuwa likicheka dakika moja kabla hunyamaza hapo, hata wale ambao hawajapata kuandika barua kwa mkono maishani mwao.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulielewa onesho hilo, kwani hapa barua haikuletwa mlangoni kama kwa wenzetu. Ilifuatwa kwenye S.L.P., mara nyingi ya shule, ya kanisa au ya mjomba mwenye kazi mjini, na kabla ya kujua kama umeandikiwa ilibidi kwanza umpate mwenye ufunguo. Muulize mama yako au shangazi yako. Nina hakika mmoja wao anakijua kisanduku kitupu.

Mchumba wako atasema kwamba siku hizi kuna simu. Ni hoja ya haki, na filamu zenyewe zimewahi kuijibu. Mwaka 1998 hadithi ile ile ya duka ilitengenezwa upya kwa jina la You've Got Mail, ikiongozwa na Nora Ephron, na mahali pa kisanduku cha posta palikaliwa na barua pepe. Kompyuta ilipiga simu, ikatoa ile milio ya kukwaruza, na watu wakasubiri. Wakati ule ilionekana ni mambo ya kisasa kabisa. Leo wanafunzi wangu huitazama milio ile kama wanavyozitazama kofia za mwaka 1940, na hata hivyo bado wanausubiri ujumbe pamoja na Meg Ryan. Vivyo hivyo Pillow Talk ya mwaka 1959, ambayo kisa chake chote kinategemea jambo ambalo kijana wa leo hulisikia kwa mara ya kwanza: nyumba mbili zenye laini moja ya simu, hata ukiinua mkono wa simu unamkuta jirani anamwimbia mpenzi wake na huwezi kupiga yako mpaka amalize. Muongozaji aligawa skrini katikati, Doris Day amelala ndani ya beseni lake la kuogea, Rock Hudson ndani ya lake, wakizungumza kwa simu, na nyayo zao zinakutana kwenye mstari unaogawa picha. Ni blanketi lile lile la Capra, safari hii limesimama wima katikati ya skrini.

Kuna filamu nyingine za kundi hili ambazo msingi wake si uchumba bali talaka, na hizo ningependa usizikwepe kwa sababu tu unajiandaa kwa harusi. The Awful Truth ya mwaka 1937, iliyompa Leo McCarey Oscar ya uongozaji, inamhusu Jerry na Lucy Warriner, yaani Cary Grant na Irene Dunne, wanaoshukiana na kwenda mahakamani. Talaka inatolewa, lakini inakamilika baada ya siku 90. Msomaji wa pwani, au yeyote aliyeishi karibu na Waislamu, ataitambua hali hiyo upesi, kwani kwa sura, ingawa si kwa sheria, inafanana na eda ya talaka rejea, ambamo watu wameachana lakini mlango haujakomewa. Sehemu kubwa ya filamu inapita ndani ya siku hizo 90. Wanagombania mbwa mbele ya hakimu, kila mmoja anamharibia mwenzake posa mpya, na usiku wa mwisho wanajikuta katika nyumba ya shambani, vyumba viwili vilivyotenganishwa na mlango ambao kitasa chake hakishiki na upepo unausukuma. Ukutani kuna saa yenye vinyago viwili, mwanamume na mwanamke, vinavyotoka na kurudi kila kimoja kwa mlango wake. Saa sita ya usiku inakaribia. Saa inapogonga kwa mara ya mwisho, kinyago cha kiume kinageuka na kuingia kwa mlango wa mwenzake. Hapo mkaguzi yeyote hakuwa na la kukata, maana kilichovuka kizingiti ni kipande cha mbao.

Nimeitaja filamu hii pia kwa sababu inaonesha kwamba watu hawa si wachanga wala hawadanganywi. Wamekwisha kuishi pamoja, wanazijua kasoro zao kwa majina, na wanachaguana tena. Ukiniuliza ni nini hasa filamu za sasa zimekipoteza, sitasema ni kofia wala barua. Nitasema ni mazungumzo ya watu wazima wawili wenye akili zinazolingana, ambao wanafurahia kusikilizana hata wanapogombana.

Ushahidi mzuri zaidi wa hilo ni His Girl Friday ya mwaka 1940, ya Howard Hawks. Ilitokana na mchezo wa kuigiza wa Ben Hecht na Charles MacArthur wa mwaka 1928, ambamo mwandishi Hildy Johnson alikuwa mwanamume. Hawks akamfanya mwanamke, akampa Rosalind Russell nafasi hiyo, na mhariri akawa mume wake wa zamani. Hildy anakuja ofisini kumuaga mhariri huyo kwa sababu anaolewa na Bruce, mtu wa bima, ambaye huvua kofia mbele ya mwanamke, humfungulia mlango na humsubiri anapotembea naye. Walter, mume wa zamani, hafanyi hata moja kati ya hayo. Anatembea mbele, kofia kichwani. Hata katika picha ya mwisho bado anatangulia, huku Hildy akimfuata na sanduku lake la safari. Lakini Walter na Hildy wanazungumza kwa kasi ambayo Bruce hawezi kuifuata, maneno ya mmoja yakiingia juu ya maneno ya mwenzake, na tunaona kwamba mwanamke huyu akiondoka pale ataachana na kazi anayoiweza kuliko mwanamume yeyote chumbani. Kwa hiyo, mwalimu, hata filamu hizi zenyewe hazikuwahi kuamini kwamba adabu ni sawa na mapenzi. Bruce ana adabu zote na anaachwa. Binafsi huwa namwonea huruma, na sikubaliani kabisa na jinsi filamu inavyomtendea, lakini ninaelewa kwa nini Hildy hawezi kuishi naye.

Hapo tumefika kwenye swali lako la pili, kuhusu mambo yanayokukera. Yanakukera kwa sababu yanakera. Katika It Happened One Night baba anampiga binti yake kofi mwanzoni, na Peter anamchapa kofi la matakoni anapombeba kuvuka mto. The Philadelphia Story ya mwaka 1940, ambayo kwa mengine ni kazi ya kupendeza, inaanza kwa Cary Grant kumsukuma Katharine Hepburn usoni hadi anaanguka, na hadhira inatarajiwa kucheka. Sitakuambia kwamba ndivyo ilivyokuwa zama zile na hivyo tunyamaze. Wapo waliopigwa makofi zama zile, nao hawakucheka.

La pili ni zito zaidi kwetu kama Waafrika. Utaona kwamba mtu mweusi katika filamu hizi ni mpagazi wa treni, mpishi, au mtumishi anayefungua mlango na kuondoka. Hapewi mapenzi, hapewi hasira, mara nyingi hapewi hata jina. Usiku wa tarehe 29 Februari 1940 Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kwa nafasi ya mtumishi katika filamu isiyo ya kundi hili, na ndani ya ukumbi aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wazungu, katika hoteli ambayo kwa kawaida haikuwapokea watu weusi. Ninapolitazama onesho la kambi ya vibanda ninakumbuka pia kwamba katika majimbo mengi ambayo basi lile lilipita, kibanda kile kisingekodishwa kwa mtu kama mimi. Mambo hayo mawili ninayabeba pamoja. Blanketi bado linanigusa, na mlango uliofungwa bado ninauona. Kuzipenda filamu hizi si kosa, ila usikubali mtu akuambie kwamba ili uzipende ni lazima usione.

Na mapenzi kwa hadithi hizi hayakuanza na wewe, wala hayakuja kwetu kwa njia ya Hollywood peke yake. Mwaka 1956 India ilitengeneza Chori Chori, ambayo ni hadithi ya Capra iliyovishwa sari na kutiwa nyimbo: binti wa tajiri anatoroka, anakutana na mwandishi wa habari, wanasafiri kwa tabu, wanapendana. Waigizaji wake walikuwa Raj Kapoor na Nargis, ambao watazamaji wa kumbi za sinema za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam waliwapenda kana kwamba ni ndugu zao. Hadithi ilifanywa tena mwaka 1991 kwa jina la Dil Hai Ke Manta Nahin. Katika nyumba nyingi za pwani, bibi anayeimba wimbo wa Kihindi bila kuyajua maneno yake anaweza kuwa amewahi kumlilia binti yule yule wa tajiri, akiwa na jina jingine. Filamu zile zilikuwa na watu wanaobanwa na familia, heshima na macho ya majirani, na hadhira ya kwetu haikuhitaji kuelezwa kubanwa ni nini. Sisi wenyewe tuna mshenga, tuna barua ya posa, tuna kanga inayosema yale ambayo mdomo umekatazwa. Tunaijua lugha ya kupitia pembeni, na nadhani hiyo ndiyo sababu filamu hizi huwafikia watu wetu upesi kuliko wageni wanavyotarajia.

Kuhusu mchumba wako, usimwanzishie His Girl Friday, ingawa ni rahisi kuipata kihalali kwenye intaneti kwa kuwa haki zake nchini Marekani hazikuhuishwa. Maneno yake yanakwenda kasi mno kwa mtazamaji wa mara ya kwanza na atachoka. Roman Holiday ya mwaka 1953 ni lango zuri, kwa sababu imepigwa katika mitaa halisi ya Roma na inatazamika bila maelezo. Humo Audrey Hepburn ni binti mfalme aliyetoroka kwa siku moja, na Gregory Peck ni mwandishi wa habari anayemtambua na kuficha kwamba amemtambua. Mwambie asubiri mkutano wa mwisho na waandishi wa habari. Binti mfalme anaulizwa ni mji gani aliupenda kuliko yote katika ziara yake. Anaanza kutoa jibu aliloandaliwa, kwamba kila mji kwa namna yake, kisha anasita, anaachana na jibu lile, na kusema ni Roma. Wote ukumbini wanasikia jina la mji. Mmoja tu anajua ameambiwa nini.

Baada ya hapo mwekee duka la Budapest, usiku mmoja ambao hamna haraka, na simu zote mbili ziwe chumba kingine. Mkifika pale mkono wenye glavu unapoingia kisandukuni, usimweleze chochote.